Kuenea na Kusambaa: Historia Fupi ya Istilahi za Saratani ya Matiti

Neno saratani tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wayunani na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo.

Jeni ni neno changa zaidi. Asili yake iliundwa na Wilhelm Johannsen wa Denmaki mwaka 1909. Kiswahili kimelitohoa kwa irabu e, na ni heri hivyo, kwani jini tunaye tayari.

Mwaka 1988, nchini Marekani, Patricia Steeg na wenzake walilinganisha seli za saratani ya ngozi ya panya, zilizo hodari wa kusambaa mwilini na zisizo hodari. Waligundua jeni waliyoiita nm23, ikifanya kazi zaidi katika zile zisizo hodari. Baadaye ilionekana kwamba katika baadhi ya saratani za matiti za binadamu, jeni hiyo ilikuwa imefifia pale ugonjwa ulipokwisha kufika kwenye tezi za limfu. Jeni ya namna hii haizuii uvimbe kuota. Huzuia seli zake kuhamia kwingine. BRCA1, ambayo Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa imo katika kromosomu ya 17, ni habari nyingine: kasoro yake huweza kurithiwa, na humzidishia mtu hatari ya kuugua.

Hapa ndipo mfasiri apaswapo kuwa mwangalifu. Tuchukue mfano wa Moshi, ambako hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Mama wa Marangu au Kibosho akisoma kwamba saratani yake "imeenea", aweza kuelewa kama kipindupindu kieneavyo, na jirani akamtengea kikombe, ilhali saratani ya matiti haiambukizi. Akisoma "jeni", aweza kudhani binti zake wamekwisha kuurithi ugonjwa kama kihamba kinavyorithiwa katika ukoo. Sivyo: saratani nyingi za matiti hutokana na kasoro zilizozuka katika seli za mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza kuenea kubaki kwa maradhi katika jamii. Kusambaa kutumike kwa seli ndani ya mwili. Na kila itajwapo kasoro ya jeni, ielezwe kama imerithiwa au imezuka. Neno moja lisilo mahali pake laweza kumtenga mgonjwa na watu wake.