Mgeni Katika Uwanja wa Mwenyeji: Wajapani na Michezo Yao

Katika mwezi wa Machi mwaka 1854, pwani ya Yokohama, mataifa mawili yalionyeshana nguvu. Wamarekani, waliofika na manowari za Jemadari Perry ili kuilazimisha Japani ifungue milango yake, walitandika reli ndogo, wakaendesha juu yake gari moshi dogo mno mfano wa kitu cha kuchezea watoto, wakatandaza na waya za kupelekea habari. Wajapani nao wakaleta wacheza mieleka ya sumo. Miamba hao walibeba magunia ya mchele yaliyokuwa zawadi kwa wageni, na mmoja wao alining'iniza gunia lake kwa meno. Wageni wakaandika habari za wanyama wenye sura ya watu. Wenyeji wakaendelea kulitazama gari moshi.

Kila upande ulitoa kile ulichokiona kuwa fahari yake, na kila upande ukasomwa vibaya na mwenziwe. Lakini Wajapani walikuwa wanafunzi wepesi. Mwaka 1872 gari moshi la kweli lilikuwa likienda baina ya Tokyo na Yokohama, na katika mwaka huo huo mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wake wa Tokyo mchezo wa besiboli. Hapana aliyedhani kwamba kati ya mambo mawili hayo, mchezo ndio utakaoingia ndani zaidi ya nyoyo za watu.

Wakati ule Yokohama ilikuwa na mtaa wa wageni uliolindwa kwa mikataba ya mwaka 1858. Mgeni aliyemkosea Mjapani hakuhukumiwa na kadhi wa Kijapani, bali na balozi wa nchi yake. Wageni hao walikuwa na uwanja wao na chama chao cha michezo, ambamo Mjapani hakuwa na nafasi ya kucheza. Wanafunzi wa Shule Kuu ya Kwanza ya Tokyo, iliyojulikana kwa kifupi kama Ichiko, waliwaomba wageni kwa miaka kadhaa wakutane nao katika besiboli, na kwa miaka hiyo yote walikataliwa. Hatimaye ombi likakubaliwa, na tarehe 23 Mei 1896 vijana hao wakaingia katika uwanja wa Yokohama. Walitoka na ushindi wa 29 kwa 4. Wageni wakataka kurudia, wakawaita mabaharia wa manowari zao kuwasaidia, wakapigwa tena 32 kwa 9.

Ushindi huo haukufuta hata herufi moja ya mikataba. Mikataba ilikwisha badilishwa kwa maneno ya wanasiasa, na mahakama za mabalozi zilifungwa mwaka 1899. Hata hivyo, yafaa kuelewa furaha iliyowapata watu. Mwanafunzi wa Ichiko alikuwa ameupokea mchezo wa mtu aliyemdharau, akaufanya wake, kisha akamshinda mwenye mchezo mbele ya macho yake. Tena hakuufanya wake kwa jina tu. Mazoezi ya Ichiko yalikuwa ya ukali ambao Mmarekani asingeutambua kuwa ni mchezo; walicheza katika baridi na katika joto, na yasimuliwa kwamba aliyeumizwa na mpira hakuruhusiwa kusema kuwa anaumwa, ila akizidiwa aliweza kusema kwamba anawashwa. Mtu aliyelelewa hivyo haendi uwanjani kujipumzisha. Aenda kujaribiwa.

Si Wajapani wote waliopendezwa. Mwaka 1911 gazeti moja kubwa la Tokyo lilichapa mfululizo wa makala za kuishutumu besiboli, na miongoni mwa walioishutumu alikuwa Nitobe Inazo, mkuu wa Ichiko yenyewe. Yeye aliuona kuwa ni mchezo wa wezi wa mifukoni: mchezaji humvizia mwenziwe, humhadaa, huiba kituo. Shutuma hiyo inachekesha kidogo, kwa kuwa Nitobe huyo huyo ndiye aliyewaeleza watu wa Ulaya na Marekani, kwa lugha ya Kiingereza, juu ya roho ya mashujaa wa Kijapani, na hao wanafunzi wake waliamini kwamba roho hiyo ndiyo waliyoichezea. Miaka minne tu ikapita, na gazeti ndugu la hilo, katika mji wa Osaka, likaanzisha mashindano ya besiboli ya shule za nchi nzima. Mashindano hayo yangalipo mpaka leo, katika uwanja wa Koshien uliojengwa mwaka 1924, na kila mwezi wa Agosti wachezaji wa shule zilizoshindwa huzoa udongo wa uwanja huo katika vifuko vyao, wakaenda nao kwao.

Basi hiyo ndiyo njia ya mchezo wa kigeni uliogeuzwa wa kienyeji. Iko na njia ya pili, nayo ndiyo ngumu zaidi, ya mchezo wa kienyeji uliotolewa kuwapa wageni.

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa mwili, akajifunza jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana bila silaha, wakati ambapo watu wa zama mpya waliiona kuwa takataka ya enzi iliyopita. Mwaka 1882, katika hekalu moja la Tokyo, alifungua shule yake, Kodokan. Alizitupa mbinu za kuulia na kuvunjia viungo, akazibakiza zile za kumwangusha mtu kwa nguvu zake mwenyewe, akaiita sanaa hiyo judo, yaani njia ya upole. Kano alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, na mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza wa Asia kuingia katika Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Aliiongoza Japani katika Michezo ya Stockholm mwaka 1912, ikiwa na wanariadha wawili tu. Alijitahidi mpaka Tokyo ikapewa Michezo ya mwaka 1940. Akafa melini mwaka 1938, akirudi kutoka mkutano wa Cairo, na miezi miwili baadaye serikali yake, iliyokuwa vitani Uchina, ikairudisha heshima hiyo.

Katika miaka hiyo ya vita uwanja ulitumika kwa mambo mengine. Tarehe 9 Agosti 1936, mjini Berlin, mbio za marathoni zilishindwa na kijana aliyeandikwa kwa jina la Son Kitei wa Japani. Jina lake la kweli lilikuwa Sohn Kee-chung, naye alikuwa Mkorea, na Korea ilikuwa koloni la Japani tangu mwaka 1910. Aliposimama kupokea nishani aliinamisha kichwa. Gazeti la Dong-a Ilbo la Korea lilichapa picha yake likiwa limeifuta bendera ya Japani kifuani mwake. Wafanyakazi wake wakatiwa kizuizini, na gazeti likafungwa kwa miezi kadhaa. Nishani ile ingali imehesabiwa kuwa ya Japani katika vitabu vya Olimpiki. Taifa lililoonja uchungu wa kudharauliwa Yokohama halikushindwa kuwaonjesha wengine, na mwanahistoria asiyeziweka tarehe hizi mbili pamoja, 1896 na 1936, atakuwa ameisimulia nusu tu ya habari. Nyumbani nako, vita vilipokaza, maneno ya Kiingereza yalifukuzwa katika besiboli, na mtupaji hodari Victor Starffin, aliyezaliwa Urusi na kukulia Japani, alilazimishwa kujiita kwa jina la Kijapani.

Olimpiki zilifika Tokyo mwaka 1964. Mwenge uliwashwa na Sakai Yoshinori, aliyezaliwa katika jimbo la Hiroshima siku ile ile bomu lilipoangushwa, na Japani ikaomba mchezo wake wa judo utiwe katika mashindano. Jumba la Budokan lilijengwa kwa ajili hiyo. Madaraja matatu ya uzito yalichukuliwa na Wajapani, kama ilivyotazamiwa. Lakini lilibaki daraja la wazi, lisilotazama uzito, na moyoni mwa Wajapani hilo ndilo lililokuwa judo yenyewe, maana Kano alikuwa amefundisha kwamba mdogo aweza kumshinda mkubwa. Tarehe 23 Oktoba, Kaminaga Akio alisimama mbele ya Anton Geesink, Mholanzi mwenye kimo cha karibu mita mbili. Baada ya dakika kama tisa Geesink alimlaza chini, akamkandamiza, na muda ukahesabiwa mpaka ukatimia.

Jumba lilikuwa kimya. Waholanzi wachache wakaruka kutaka kuingia mkekani kumkumbatia ndugu yao, na Geesink, kabla hajasimama vizuri, akawanyoshea mkono kuwazuia. Kisha akajitengeneza vazi, akamwinamia Kaminaga. Watu wengi wa Japani walikumbuka mkono ule kuliko mkandamizo. Mholanzi huyo alikuwa amesoma judo Japani kwenyewe, katika mji wa Tenri, na sasa alikuwa akiwalindia wenyeji adabu ya nyumba yao. Wahenga wa Kiswahili wasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo mgeni alikuja, na mwenyeji aliumia, lakini sanaa ya Kano ilipata kuwa mali ya ulimwengu siku ile iliposhindwa kwao.

Jioni ya siku hiyo hiyo wanawake wa Japani waliwashinda Warusi katika mpira wa wavu. Walikuwa karibu wote wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo cha Kaizuka, karibu na Osaka, na mkufunzi wao, Daimatsu Hirobumi, aliwafanyisha mazoezi baada ya kazi mpaka usiku wa manane, akiwarushia mipira nao wakijitupa sakafuni kuiokota. Theluthi mbili ya nyumba zenye televisheni katika upande wa Tokyo zilitazama. Wengine walimwita Daimatsu mkatili, wengine wakamfanya kielelezo cha taifa lililoinuka kwa kufanya kazi. Labda alikuwa vyote viwili.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi jinsi mipaka ya wenyeji ilivyo na matundu ni Oh Sadaharu. Alizaliwa Tokyo mwaka 1940, baba Mchina, mama Mjapani. Mwaka 1957 aliipa shule yake ubingwa wa Koshien, na katika mwaka huo huo akazuiwa kucheza katika mashindano ya michezo ya taifa kwa sababu hakuwa raia. Tarehe 3 Septemba 1977 alipiga pigo lake la 756 la kuutoa mpira nje ya uwanja, akampita Hank Aaron wa Marekani, na serikali ikabuni tuzo ya Heshima ya Wananchi, ikampa yeye kwanza. Hata siku hiyo hakuwa raia wa Japani. Alimaliza na mapigo 868. Naye Oh alikuwa ameweka mwaka 1964 kipeo cha mapigo 55 katika msimu mmoja, na Mmarekani Randy Bass alipofikia 54 mwaka 1985, watupaji wa timu aliyoiongoza Oh walimtupia mipira ya mbali asiyoweza kuipiga. Oh alikanusha kwamba alitoa amri hiyo. Huenda hakuitoa; penye mila kama hiyo amri si lazima. Kipeo kilivunjwa mwaka 2013 na Wladimir Balentien wa Curaçao, kwa mapigo 60.

Wanariadha wa Afrika Mashariki nao wanaijua nyumba hiyo. Juma Ikangaa wa Tanzania aliachwa na Seko Toshihiko kwa sekunde tatu tu katika mbio za Fukuoka mwaka 1983, akarudi mwaka 1986 akashinda. Samuel Wanjiru wa Kenya alikwenda Japani akiwa kijana wa shule, akasoma Sendai, akashinda marathoni ya Beijing mwaka 2008, na alipoulizwa alipata wapi ushindi alitaja neno la Kijapani gaman, yaani ustahimilivu. Lakini vijana kama yeye walikuwa wakiwaacha wenzao mbali mno katika ekiden, mbio za kupokezana ukanda ambazo Wajapani wanazipenda kuliko mbio zote. Basi tangu mwaka 2008 wanafunzi wageni walikatazwa kukimbia kipande cha kwanza cha mbio za shule za sekondari, na tangu mwaka 2024 wamewekewa vipande vya kilomita 3 tu. Wenye kuitetea amri hiyo wasema ekiden ni ya timu, na haifai iamuliwe na mtu mmoja. Hoja hiyo ina uzito, ingawa haikuwahi kutolewa pale mtu huyo mmoja alipokuwa Mjapani.

Ilibaki sumo. Wengi hudhani kwamba kila kilichomo humo ni cha kale, lakini jumba lake kubwa la Tokyo lilifunguliwa mwaka 1909, na ni katika siku hizo sumo ilipoanza kuitwa mchezo wa taifa na cheo cha yokozuna kuwa daraja rasmi. Mambo yenye umri mfupi hulindwa kwa ukali kama yale ya kale. Wanawake hawaruhusiwi kukanyaga ulingo. Mwaka 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ulingoni akihutubia, wanawake wakapanda kumwokoa, na mwamuzi akawatangazia watoke. Mwenyekiti wa chama cha sumo alilazimika kuomba radhi.

Takamiyama wa Hawaii alikuwa mgeni wa kwanza kuchukua ubingwa, mwaka 1972. Mwenzake wa visiwa hivyo, Konishiki, alichukua mara tatu, ya mwisho mwaka 1992, asipewe cheo cha yokozuna, na mjumbe mmoja wa baraza la kupima wanaostahili aliandika wazi kwamba yokozuna mgeni hahitajiki. Kipimo kilichotajwa kiliitwa hinkaku, yaani heshima ya tabia, na kipimo hicho hakina mizani. Mwaka uliofuata Akebono, naye wa Hawaii, alipewa cheo hicho. Kisha wakaja Wamongolia. Hakuho, aliyeshinda mara 45 kuliko mtu yeyote katika historia ya mchezo huo, aliuacha uraia wa kwao mwaka 2019, kwa kuwa asiye Mjapani hawezi kuwa mwalimu mwenye nyumba ya sumo. Akajitoa katika chama mwaka 2025. Mwezi wa Mei wa mwaka huo cheo cha yokozuna kilimwendea Onosato, mzaliwa wa Ishikawa, na magazeti yakashangilia kwamba mwenyeji amepatikana tena, wa kwanza tangu Kisenosato mwaka 2017. Mama yake ni Mfilipino.