Majukwaa ya kukodi ya mashabiki: mambo ambayo redio zetu zapaswa kuyajua

Zamani za Sauti ya Kenya, shabiki wa redio alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaitia posta na kungoja isomwe hewani. Kutokana na kadi hizo vikazaliwa vyama vya watuma salamu, watu waliojuana kwa majina ya utani kabla hawajawahi kuonana. Leo kazi hiyo inafanywa kwenye intaneti, na kituo kinachotaka kuwakusanya mashabiki wake pamoja kina njia mbili: kujenga nyumba yake, au kupanga ya mtu.

Makala haya yanaeleza njia hiyo ya pili, maana ndiyo inayofuatwa na wengi, na ndiyo yenye masharti ambayo wapangaji wachache huyasoma.

Jukwaa la kukodi ni nini

Ni huduma ambapo kampuni moja huweka seva, programu na ulinzi, kisha ikawapa wengine nafasi ya kufungua mtandao wao wa kijamii ndani yake. Redio, televisheni au gazeti huweka nembo na rangi zake, na mashabiki hujiandikisha, hupandisha picha na video, hujadiliana na kupiga kura. Kituo hakihitaji fundi wa seva. Mwenye jukwaa naye hupata riziki yake kwa kodi ya mwezi, kwa matangazo ya biashara, au kwa vyote viwili.

Faida yake ni ya kweli. Kituo kidogo chenye watangazaji sita na fundi mmoja wa mitambo hakiwezi kuajiri waandishi wa programu. Kwa siku moja kinaweza kuwa na mahali pa mashabiki wake kukutana.

Yaliyowapata waliotangulia

Ning ilizinduliwa Marekani mwaka 2005 na Marc Andreessen na Gina Bianchini. Mtu yeyote aliweza kufungua mtandao wake bure, na msanii 50 Cent ni miongoni mwa waliojenga tovuti ya mashabiki humo. Aprili 2010 kampuni ikatangaza kwamba bure imekwisha. Aliyetaka kubaki alipe dola 2.95 hadi 49.95 kwa mwezi, la sivyo afungashe. Mwaka 2011 Ning ikauzwa kwa Glam Media.

KickApps ya New York ililenga hasa kampuni za habari na burudani. Mapema 2011 ilinunuliwa na KIT digital, na Aprili 2013 KIT digital yenyewe ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Wikia, iliyoanzishwa 2004 na Jimmy Wales na Angela Beesley, ndiyo iliyodumu. Sasa inaitwa Fandom, mashabiki huandika humo bure, na matangazo ndiyo yanayolipia gharama.

Kwetu Kenya, mwaka 2010 shirika la Ushahidi lilitoa Crowdmap, iliyomwezesha mtu kufungua ramani ya taarifa za wananchi bila kuwa na seva. Wakati huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimetua Mombasa mwaka mmoja nyuma. Kabla ya nyaya hizo nchi ilitegemea setilaiti, na video moja ilikuwa mtihani wa subira.

Kwa nini tuitazame Kapseret

Kapseret ni eneo bunge la Kaunti ya Uasin Gishu, lililotokana na Eldoret Kusini na kupigiwa kura kwa jina lake mara ya kwanza mwaka 2013. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko huko. Wadi zake ni Simat/Kapseret, Kipkenyo, Ngeria, Megun na Langas. Langas ni mtaa wenye watu wengi wa makabila mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kwenye matatu. Sehemu za mashambani, Kikalenjin ndicho lugha ya nyumbani.

Kituo kinachosikika huko kikifungua jukwaa la mashabiki, kinawaweka watu hao wote chumba kimoja. Wakati wa amani, raha mustarehe: watazungumza mbio, mahindi na muziki. Uchaguzi ukikaribia, chumba hicho kinahitaji mlinzi.

Eldoret inalijua hilo kwa machungu. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku mbili baadaye, 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia hizo. Sisi wa Pwani hatuna haja ya kusimuliwa, kwani Likoni ya Agosti 1997 bado tunaikumbuka.

Wakati huohuo Wakenya wengi walikuwa wakijibizana katika Mashada, ukumbi wa intaneti uliosimamiwa na David Kobia. Matusi ya kikabila yalipozidi kiasi, Kobia aliufunga Januari 2008, na mahali pake akafungua tovuti iliyojiita I Have No Tribe, yaani sina kabila, watu waje waseme kwa utu. Baadaye Mashada ikarudi. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Angekuwa mpangaji, angetuma malalamiko ng'ambo na kungoja ajibiwe na mtu asiyejua Kiswahili wala Kikalenjin, wala jinsi neno la kawaida linavyogeuka kuwa tusi la kikabila.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Chombo cha habari kinachochapisha uchochezi wa kikabila nacho kinaweza kutozwa faini. Mwongozo wa Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa mwaka 2017 ukaongeza kwamba msimamizi wa ukurasa ana wajibu wa kudhibiti mijadala ya kisiasa inayoendeshwa humo.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kituo kinachokusanya majina na namba za simu za mashabiki ndicho chenye dhima juu yake, hata kama zimehifadhiwa kwenye seva ya mwingine. Mkataba na mwenye seva uwe wa maandishi. Mtoto haandikishwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Na mwanachama ana haki ya kupewa taarifa zake ili azihamishe.

Facebook na WhatsApp pia ni kupanga

Vituo vingi vya Pwani vitasema havijakodi jukwaa lolote, vina ukurasa wa Facebook tu na makundi ya WhatsApp. Huko nako ni kupanga. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za kampuni, na hakuna kituo kilichoombwa rai. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika zote kwa takriban saa sita. Aliyetegemea hizo pekee alibaki na mitambo yake ya FM kama mwaka 1995, na akashukuru Mungu anayo.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kwanza, orodha ya wanachama ni ya nani, na je, twaweza kuipakua wakati wowote, katika faili inayosomeka kwingine?

Pili, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Jina la .co.ke lisajiliwe kwa jina la kituo chenyewe. Mashabiki wakishalizoea, hata mkihama jukwaa watawafuata.

Tatu, nani anafuta ujumbe wa chuki saa nane za usiku, na anaelewa lugha zinazotumika?

Nne, bei ikipanda au kampuni ikiuzwa, tunapewa notisi ya siku ngapi?

Tano, picha na sauti za mashabiki zinaweza kutumiwa na mwenye jukwaa kwa biashara yake?

Kituo kisichopata majibu ya maandishi kinaweza bado kupanga, lakini kiweke nakala ya orodha yake kila mwezi, na kiwe na msimamizi anayelipwa, asiwe kijana wa kujitolea. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mashabiki wa Langas na wa Likoni walijiandikisha kwa kuwa wanaiamini redio yao, na yakitokea ya kutokea, hiyo redio ndiyo watakayoiuliza.