Fahamu Zikirudi Moja Moja

Mdogo wangu alipoanguka mara ya kwanza mbele ya macho yangu ilikuwa alasiri, uani, karibu na jiko la mkaa. Mama alishalivuta jiko pembeni kabla mimi sijaelewa kinachotokea. Kutukutika kule kulichukua dakika mbili hivi, na ndizo dakika ambazo kila aliyekuwepo anazisimulia mpaka leo. Mimi nimebaki na zile zilizofuata. Mwili ulipotulia, mama alimlaza ubavu, akakunja kanga akamwekea chini ya kichwa, na kanga ya pili akamfunika kiunoni kwa sababu suruali ilikuwa imelowa. Alikuwa anakoroma kwa pumzi nzito, mate yenye damu yakimtoka pembeni mwa mdomo. Baada ya muda akafumbua macho. Jirani akasema, "Alhamdulillahi, kapata fahamu," akaenda zake. Waliobaki wakampa pole. Pole mwanangu. Pole sana. Naye akawa anazipokea, "nishapoa, nishapoa," huku akivitazama viganja vyake, maana hakujua ni pole ya nini. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia kumi na nusu. Akaanza kuitafuta ndara yake ya kushoto, nayo iko mguuni. Akaniuliza tena saa ngapi. Kisha akauliza mara ya tatu.

Madaktari wanaotumia Kiingereza wana jina la muda huo: "postictal". Limeundwa kwa Kilatini, "post" ikiwa ni baada ya, na "ictus" ikiwa ni pigo. Ni wakati unaofuata pigo. Hapa nalikumbuka neno letu dharuba, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo wengi leo wanalijua kwa upepo mkali wa baharini lakini lina pia maana ya pigo, kama la upanga au fimbo. Ictus na dharuba ni picha moja. Hata neno la Kigiriki lililozaa jina la kifafa katika lugha za Ulaya linatokana na kitenzi cha kukamata, nasi tunasema vivyo hivyo: kashikwa. Kwa hiyo Kiswahili hakijapungukiwa na picha. Kinachonisumbua, kwa kuwa nafasiri vipeperushi vya afya, ni kwamba neno hilo "postictal" tumezoea kuliandika "hali ya baada ya kifafa", na tafsiri hiyo ina kosa linalomgharimu mgonjwa.

Kifafa ni maradhi. Yanakaa na mtu miaka, pengine maisha yote, hata katika miezi ambayo hakuna lolote linalotokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wanaishi nayo, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangetambuliwa na kupata dawa ipasavyo. Mtu anayemeza dawa ya fenobabo kila usiku hayuko "baada ya kifafa". Yuko ndani yake, ametulia. Kilichopita uani kwetu alasiri ile ni tukio moja la maradhi hayo, na tukio lahitaji jina lake. Wengine husema degedege, lakini neno hilo limeshikamana mno na homa za watoto wadogo. Wengine husema mtukutiko, lakini wapo wasiotukutika: mtoto anaduwaa darasani sekunde kumi, kalamu hewani, kisha anaendelea na mstari uleule. Anguko halifai kwa sababu hiyohiyo. Nimetulia kwenye shambulio la kifafa. Si neno tamu, lakini halidanganyi.

Sasa, kinachofuata shambulio tukiiteje?

Jirani yetu alisema kapata fahamu. Ndivyo tunavyosema sote, na kwa kusema hivyo tunafunga shughuli. Lakini sikiliza namna Kiswahili kinavyolitumia neno hilo tunapokuwa makini zaidi: fahamu zake zimerudi. Zimerudi. Tunazihesabu kama vitu vingi, na wingi huo ndio ukweli wa jambo lenyewe, kwa kuwa hazirudi kwa pamoja. Macho hufunguka mapema. Mtu anaweza hata kujibu salamu, kwa sababu salamu tumezizoea kiasi kwamba ulimi huzijua bila sisi. Kisha, mara nyingi, hurudi jina lake, halafu mahali alipo, na mwisho kabisa siku na saa. Mdogo wangu alikuwa amefika kwenye jina na ua wetu. Saa ilikuwa bado haijarudi, na ndiyo maana jibu langu halikupata pa kukaa.

Kwa wengi safari hiyo huchukua kati ya dakika 5 na 30. Kwa wengine ni saa nyingi. Ukimwekea mtu vipimo vya umeme wa ubongo wakati huo, utaona mawimbi yamekuwa ya polepole na mazito, tofauti kabisa na yale ya mtu aliye macho. Zamani ilielezwa kwamba ubongo umechoka tu, kama misuli iliyobeba mzigo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha jambo jingine kwa panya: baada ya shambulio, mishipa ya damu katika sehemu ya ubongo iliyohusika hujibana, na oksijeni hushuka vibaya kwa zaidi ya saa nzima. Nilipolisoma hilo niliikumbuka ile ndara. Tulidhani amekaa tu, anapumzika, kumbe huenda ubongo wake ulikuwa unahema.

Mara chache hutokea jambo linalowatisha watu kuliko shambulio lenyewe. Mtu anazinduka na mkono mmoja hauinuki, au nusu ya mwili imelegea. Ndugu wanasema kiharusi, wengine wanasema kapigwa na pepo. Robert Bentley Todd, daktari aliyefanya kazi London, aliueleza ulegevu huu mwaka 1849 na bado unaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida huisha wenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Ukitokea kwa mara ya kwanza, hospitali ni lazima, kwa sababu kiharusi nacho hufanana hivyo na mtu wa kawaida hawezi kuvitofautisha akiwa uani. Lakini familia iliyokwisha kuambiwa kwamba ulegevu huo upo na una jina haitakata tamaa mkono ukichelewa mpaka kesho yake.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu hakuweza kunywa uji. Ulimi ulikuwa umekatika ubavuni, na kila kitu cha vuguvugu kilikuwa moto kwake. Mapaja na mgongo vilimuuma kana kwamba alilima shamba la mtu mwingine usiku kucha. Kichwa kizito. Na aliponiita kitandani, alikuwa na swali jingine, si la saa tena. "Nani aliniona?"

Nikamtajia. Kila jina nililolitaja niliona linamwingia kama mwiba.

Siku ile nzima hakutoka nje. Mama alimuuliza anajisikiaje, akasema, "Nasikia unyonge." Nimelifikiria sana neno hili tangu nilipoanza kazi ya istilahi. Vitabu vya tiba vya Kiingereza vinagawa: hapa uchovu wa mwili baada ya shambulio, kule huzuni baada ya shambulio, kila kimoja na sura yake. Unyonge hauna mgawanyo huo. Mnyonge ni mtu aliyeishiwa nguvu mwilini, na ni yuleyule aliyejiinamia, asiyejiona na thamani mbele za watu. Mdogo wangu alitamka neno moja, akawa ameeleza magoti yake na moyo wake kwa pamoja. Hili ni mali ya Kiswahili, na mfasiri anayelipita ili aandike "uchovu na msongo wa mawazo" anamnyang'anya mgonjwa neno alilokwisha kulipata mwenyewe.

Huzuni hiyo si udhaifu wa tabia. Mwaka 2004 Andres Kanner na wenzake nchini Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa 100 ambao dawa hazikuwa zinawatosha. Wagonjwa 43 walieleza dalili za huzuni nzito zinazowajia baada ya shambulio, na muda wake wa kati ulikuwa takribani saa 24. Siku nzima, basi, na kwa baadhi yao zaidi. Ni sehemu ya shambulio kama ulivyo ulimi uliokatika. Mwenye nayo akiambiwa "jikaze" huongezewa mzigo ambao hakuutafuta. Na ikija siku kadhaa baadaye kwa sura ya kusikia sauti, kushuku kila mtu au kutaka kujidhuru, hapo usisubiri ipite, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Juu ya ile huzuni inayotoka kwenye ubongo wenyewe, kuna nyingine tunayoiongeza sisi. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hipokrati, yaliyoandikwa yapata miaka 2,400 iliyopita kuhusu "maradhi matakatifu", yanaeleza kwamba waliozoea kushikwa, wakihisi shambulio linakuja, hukimbia watu na kujifunika kichwa, na kwamba wanafanya hivyo kwa aibu na si kwa kuiogopa miungu. Mwandishi anasema watoto wadogo huanguka popote walipo, lakini wakizoea, humkimbilia mama. Huku kwetu, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Watu waliogopa kumgusa aliyeshikwa, kwa imani kwamba maradhi yanaambukiza. Wengi wetu tumekua tukisikia hivyohivyo: usikanyage mate yake, usiguse mkojo wake, akitoa hewa kimbia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoambukiza kifafa. Lakini fikiria anayefumbua macho na kukuta duara la watu limesimama hatua kumi kutoka alipo. Atazirudisha fahamu zake upande gani?

Kwa sababu hizi zote nimependekeza kipindi hicho kiitwe mzinduko. Kupona hakufai, kwa sababu hakupona maradhi. Kuamka hakufai, kwa sababu hakuwa amelala. Ahueni ni neno zuri, lakini ni la siku na wiki. Kuzinduka ni kwa mtu aliyezirai, aliyelewa, aliyepigwa na bumbuazi, anayetoka mahali ambapo hakuwa na habari zake mwenyewe. Mhariri mmoja aliniambia neno linanuka sherehe za viongozi kukata utepe. Huo ni uzinduzi, nao umetokana na kitenzi hikihiki. Kabla hatujazindua barabara tulizindua watu. Basi: kipindi cha mzinduko, na ndani yake unyonge wa mzinduko. Mtu wa Kilifi, wa Tanga au wa Mahenge ataelewa bila kufundishwa.

Tena lina kazi kliniki. Anayezirai kwa kusimama juani hurudi haraka, amepauka lakini akili timamu. Yule mtoto wa kuduwaa hana mzinduko kabisa, hurudi papo hapo kana kwamba hakuondoka. Aliyetukutika mwili mzima huchukua muda. Muuguzi akiuliza, "Alichukua muda gani kuzinduka, na alikuwa akisema nini?" anapata habari ambayo swali la "aliangukaje" haliwezi kumpa.

Na kipindi kikiwa na jina, watu hujua kwamba wanapaswa kukaa mpaka kiishe. Dakika za mwanzo ndizo za hatari. Kuna kifo cha ghafla katika kifafa, na wengi wanaokutwa wamekufa hivyo hukutwa peke yao, wamelala kifudifudi. Kwa hiyo alazwe ubavu, pumzi yake itazamwe, asitiwe kijiko mdomoni, wala asipewe maji au dawa mpaka ameze vizuri mate yake mwenyewe. Asinusishwe kitunguu. Akitaka kulala, alale, lakini awepo mtu. Shambulio likipita dakika 5, au la pili likija kabla hajazinduka kutoka la kwanza, hospitali. Asikamatwe kwa nguvu akisimama na kutangatanga. Wengi wanaorusha ngumi katika mzinduko hawapigani na mtu, wanajitoa kwenye mikono wasiyoijua. Waliozunguka waombwe kuondoka, na suruali ibadilishwe kabla fahamu za mwisho hazijarudi, ili asiikute imelowa.

Nilipomaliza rasimu ya kipeperushi nilimpa mdogo wangu aisome. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, na anameza dawa zake. Aliisoma kimya, kalamu mkononi. Nilikuwa nimeandika: "Muulize maswali mepesi, kama leo ni siku gani, ili ujue kama amezinduka." Akaweka mstari juu yake na kuandika pembeni, kwa ule mwandiko wake wa kulala: "Msiniulize. Niambieni. Niko wapi, ni saa ngapi, nani yupo." Chini kidogo, kwenye sentensi inayosema apewe chai, akaongeza: "Ipoe kwanza."