Safari ya Watoto wa Salme, 1885

Mwezi wa Agosti 1885, Rudolph Ruete, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa Hamburg, aliwasili Unguja pamoja na mama yake na dada zake wawili. Mama huyo, Emily Ruete, ndiye Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka kisiwani mwaka 1866 na baadaye kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani.

Kwa watoto, hiyo ilikuwa safari ya kuwajua jamaa wa kuukeni. Kwa Bismarck, ilikuwa silaha. Manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji, na dai la mirathi la Salme likatumika kumshinikiza Sultani Barghash ayatambue madai ya Ujerumani huko bara. Barghash, mjomba wa watoto hao, alikataa kuwapokea. Kasri ya Mtoni, alikozaliwa mama yao, waliikuta imekuwa gofu. Sultani alipokubali masharti, Wajerumani hawakuwa tena na haja na Salme; familia ikarejea Ulaya mikono mitupu.

Mwaka 1929 Rudolph alichapisha London wasifu wa babu yake, Seyyid Said bin Sultan. Nasaba ambayo siasa iliifanya bidhaa, mjukuu aliirejesha kuwa historia.