Theluji juu ya motokari: habari inayogusa jamaa za Kilwa pia

Kilwa, kwenye mwambao wa ziwa Moero, shofere anayejiandaa kwa safari anapangusa vumbi kwenye kioo, ao matope wakati wa mvua. Lakini leo kuna wana wa Pweto na Kilwa wanaoishi inchi ambako motokari inalala inje na asubuhi inakutwa imefunikwa na theluji. Kule, kuipangusa si usafi tu. Ni sheria, na inaweza kuwa jambo la uzima ao kifo.

Njia iliyowapeleka huko ilianzia ziwani. Vita ilipofika Pweto, Desemba 2000, watu kwa maelfu walivuka kuingia Zambia. Wengi walipokelewa katika kambi za Kala na Mwange, zilizofungwa mwaka wa 2010. Mwaka wa 2017 jamaa zingine zilikimbilia Nchelenge, na mwaka uliofuata zikapewa makao Mantapala. Wengi walirudi nyumbani. Wengine walikubaliwa kuhamia inchi za mbali. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000 kutoka kambi mbalimbali za Afrika. Wamoja walipelekwa majimbo ya baridi kali, kama New Hampshire na Maine.

Shida ya theluji kwenye kioo ni ya zamani kama motokari yenyewe. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alikuwa New York wakati wa baridi akaona dereva wa tramu akifungua dirisha ili aone njia, huku barafu ikimpiga usoni. Alibuni mkono wenye mpira unaopangusa kioo, ukivutwa kwa kifaa kilicho ndani. Mwaka wa 1903 alipewa hati ya uvumbuzi huo. Kampuni moja ya Kanada ilikataa kuununua, ikidhani hauna faida. Hati yake ilikwisha kabla ya vaipa kuenea kwenye motokari zote. Kwa hiyo, kifaa ambacho mashofere wetu wanaita essuie-glace, kinachotuokoa siku za mvua kubwa kati ya Kasenga na Kilwa, kilizaliwa kwa sababu ya theluji.

Vaipa inasaidia kioo tu. Haifiki juu ya paa. Joto la ndani linayeyusha theluji kidogo, usiku inaganda tena, inakuwa bamba zito la barafu. Motokari ikikimbia, upepo unalinyanyua na kulitupa nyuma, sawa na mfuko wa makala unaoanguka kutoka kamyo iliyojaa. Mwaka wa 1996, huko New Hampshire, bamba la namna hiyo lilianguka kutoka kamyo kubwa na kusababisha ajali iliyomwua msichana wa miaka 20, Jessica Smith. Jimbo lilitunga sheria inayojulikana kwa jina lake: anayeendesha bila kuondoa theluji na barafu anaweza kulipishwa dola 250 hadi 500 mara ya kwanza.

Hatari nyingine haina kelele. Theluji ikiziba bomba la moshi, injini ikiwaka, moshi unarudi ndani. Januari 2016, mjini Passaic, New Jersey, mama mmoja na mtoto wake wa mwaka mmoja walikufa ndani ya motokari wakijipasha joto, baba akiwa inje anachimbua theluji. Ni moshi ule ule usioonekana unaoua watu wanaolala na mbabula yenye makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Jamaa zinazolala chini ya mahema wakati wa baridi ya Juni na Julai zinaujua vizuri.

Mwenye ndugu huko anaweza kumkumbusha mambo haya kwa simu kabla ya Desemba. Asafishe bomba la moshi kwanza, ndipo awashe injini. Apanguse vioo vyote, taa na paa, si tundu dogo mbele ya macho yake tu. Asimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka. Na watoto wangoje ndani ya nyumba mpaka kazi iishe, hata kama wanalia baridi.