Ufunguo Uliotoka Baharini

Msomaji mpenzi, tumezoea kuitafuta historia ya watu katika vitabu, makaburi na magofu ya miji yao. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba historia yaweza pia kukaa tumboni. Tuandamane hadi Japani, nikuonyeshe habari moja iliyoandikwa mahali ambapo kalamu haijapata kufika.

Wajapani wamekula mwani tangu zamani za kale. Katika karne ya nane mwani ulikuwa na thamani kubwa hata serikali yao ikaupokea kuwa kodi. Aina moja ni nori, mwani mwekundu unaotandazwa na kukaushwa ukawa mwembamba kama karatasi, kisha ukazungushiwa wali.

Lakini kula ni jambo moja, na kufaidi chakula ni jambo jingine. Ndani ya nori mna sukari iitwayo pofirani, nayo ni mnyororo mrefu wa galaktosi uliochanganyika na salfeti. Mwili wa mwanadamu una vimeng'enya vya kukata wanga wa ugali na sukari ya muwa, lakini hauna hata kimoja cha kuukata mnyororo huo. Kwa hiyo pofirani hushuka hadi utumbo mpana ikiwa nzima, kama sanduku lililofungwa ambalo ufunguo wake haupo.

Katika utumbo huo wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi wao si adui zetu, bali ni wapangaji wanaolipa kodi ya nyumba. Huvunja vyakula vilivyotushinda sisi, na katika kuvivunja hutoa asidi ambazo mwili hupata nguvu kwazo. Hata hivyo, bakteria nao wana mipaka yao. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maagizo ya jeni, na asiye na jeni hana kimeng'enya.

Mwaka 2010 Jan-Hendrik Hehemann na wenzake, katika kituo cha elimu ya bahari cha Roscoff nchini Ufaransa, walitangaza jambo la ajabu. Walikuwa wakimchunguza Zobellia galactanivorans, bakteria wa baharini akaaye juu ya mwani na kuula. Walizitambua jeni zake za kukata pofirani, kisha wakatafuta jeni zinazofanana nazo kwa viumbe wengine. Wakaziona kwa bakteria wa baharini, kama ilivyotazamiwa. Lakini wakaziona pia kwa Bacteroides plebeius, bakteria aliyepatikana katika matumbo ya Wajapani! Walipolinganisha habari za matumbo ya Wajapani 13 na za watu 18 wa Amerika ya Kaskazini, jeni hizo zilionekana kwa baadhi ya Wajapani, wala hazikuonekana kwa Mmarekani hata mmoja.

Zilifikaje huko? Maelezo yaliyo karibu na akili ni haya. Nori ilipoliwa bila kupikwa, bakteria wa baharini waliingia nayo tumboni. Nao bakteria waweza kupeana jeni hata wasipokuwa wa jamii moja. Mgeni yule wa baharini huenda hakudumu, lakini ufunguo wake ulibaki mikononi mwa wenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usije ukadhani kwamba jambo hili ni la damu au la taifa. Uchunguzi wa baadaye umezikuta jeni za kuvunja mwani kwa watu wa nchi nyingine pia. Urithi huu haukushuka kwa ukoo pekee. Ulipita katika chakula. Na kilicholetwa na chakula chaweza kukomeshwa na chakula. Siku hizi nori nyingi huchomwa kabla ya kuliwa, na moto huua bakteria. Mlango ule ambao wageni wa baharini waliupitia umekuwa mwembamba sana.

Basi, msomaji, usidharau chakula cha wazee wako kwa sababu tu hakina sifa mjini. Wavuvi wa Japani ya kale hawakujua bakteria wala jeni. Walikula walichopewa na bahari, na kwa kula kwao wakawaachia wajukuu elimu ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo. Ni nani ajuaye yaliyomo katika mboga na nafaka zetu, nasi hatujayachunguza? Kazi hiyo yakungoja wewe.