Kumhudumia Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Kutoka Hema la Rufaida Hadi Hospisi za Uganda



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wa Oraba, Koboko na Arua, leo tutazame historia ya jambo ambalo majumbani huzungumzwa kwa sauti ya chini: mgonjwa aliyerudishwe nyumbani kwa kuwa "hakuna tena la kufanya".

Neno hilo si kweli, na halikuwa kweli hata zama za Mtume (S.A.W.). Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Sa'd bin Mu'aadh (R.A.) alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamuru awekewe hema msikitini ili awe anamtembelea kwa karibu. Wanahistoria wa sira wanalihusisha hema hilo na Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke aliyejitolea kuwauguza majeruhi. Baadaye jeraha lilifumuka, Sa'd akafariki. Lakini hakufichwa chumba cha nyuma, wala hakufa akiwa mpweke.

Bimaristan za Damascus, Baghdad na Cairo zilizoendeshwa kwa wakfu mmezisoma darasani, nisirefushe. Hospisi kama tunavyoijua leo ilianzishwa na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari. Alifungua St Christopher's, London, mwaka 1967. Alifundisha kwamba dawa ya maumivu hutolewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na kwamba mgonjwa huumia pia moyo, roho na mfuko.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ndogo iliyoazimwa hospitali ya Nsambya, Kampala, akiwa na fedha za miezi 3 tu. Haki isemwe: wengi waliotutangulia katika kazi hii hapa nchini si wa dini yetu. Merriman alifariki 2025, akiwa na miaka 90.

Siri ya kazi yake ilikuwa mofini ya maji. Unga wa mofini huchanganywa na maji, kihifadhi na rangi, ukatiwa chupani. Ya kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, nyumbani kwake, bila sindano. Kwa kuwa dawa hii hufunga choo, hupewa pia dawa ya kulainisha, na wauguzi wa hospisi wamefundisha hata kusaga mbegu kavu za papai. Lakini daktari mwenye kuandika dawa alikuwa mjini, na mgonjwa kijijini. Ndipo mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii kuandika mofini, jambo lililokuwa geni duniani. Mgonjwa wa serikali huipata bure.

Hata hivyo, nani atamjua mgonjwa aliyelala ndani ya nyumba ya nyasi, mbali na barabara? Hapo ndipo wanapoingia wanaojitolea. Hospisi iliwafundisha watu wa vijijini, majirani wa kawaida, kuwatambua wagonjwa, kuwageuza kitandani, kuosha vidonda, kuangalia kama dawa inanyweka, na kumwita muuguzi hali ikibadilika. Bila wao gari la hospisi lingezunguka bure.

West Nile tuna deni la ajabu katika habari hii. Denis Burkitt alipoandika 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, mmoja wa waliomsaidia kuufuatilia alikuwa Dkt. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Mwaka 1961 walisafiri pamoja kwa gari maelfu ya maili wakiuliza hospitali kwa hospitali. Watoto wetu waliifundisha dunia juu ya saratani. Lakini mashine pekee ya mionzi nchini ilikuwa Kampala, na ilipoharibika 2016 hata safari ile ndefu haikuwa na faida. Adjumani ipo Peace Hospice, inayowahudumia wenyeji na wakimbizi wa Sudan Kusini. Kutoka Oraba mpakani ni mbali.

Huku Tanzania huduma hii huitwa tiba shufaa. Sisi wa madrasa tukisikia shufaa huwaza uombezi wa Siku ya Kiyama, na tukisikia shifaa huwaza kupona. Neno limekaa katikati ya hayo mawili, nami nalipenda.

Wazazi huuliza: si mofini ni kileo? Wanazuoni wameruhusu dawa ya namna hii kwa dharura ya matibabu, kwa kipimo cha mtaalamu, na anayeinywa kwa maumivu si sawa na anayetafuta kulewa. Na Ramadhani? Mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona hafungi. Hutoa fidya kama ana uwezo, na dozi ya saa 4 haikatizwi.

Mwenye mgonjwa asingoje hadi azidiwe. Aanzie kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, aulizie kwa jina: mofini ya maji, na nani wilayani ameruhusiwa kuiandika. Aende na karatasi zote za hospitali, na chupa safi yenye kifuniko.